Mbio za hisani za saratani ya matiti hapa Dar: nyota nne, na ya tano nawaambia kwa nini nimeibakiza

Nimekaa wiki mbili nzima sijaandika hii kitu, nilitaka moyo utulie kwanza, maana siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja na ningeandika na hali ile ningeharibu. Nazungumzia mbio za hisani za saratani ya matiti zilizofanyika hapa Dar Jumapili moja ya mwezi wa kumi, stati viwanja vya Farasi Oysterbay, kilomita 10 za kukimbia na kilomita 5 za kukimbia au kutembea. Waandaaji siwataji, wakisoma watajijua, shida yangu sio kumchafua mtu, mi nataka zile mbio ziendelee kuwepo na zifanywe vizuri zaidi kwa sababu kwetu nyumbani hii sio fasheni ya Oktoba.

Nilienda na shangazi yangu, dada yake baba, ana miaka 58, anakaa Mbagala. Mwaka juzi alitolewa ziwa la kushoto. Ilianza na uvimbe mdogo kama kokwa ya ubuyu, mgumu, hauumi hata kidogo, na kwa vile hauumi akauacha, akakaa nao miezi minane anasema kingekuwa kitu kibaya si kingeuma jamani. Kauli hiyohiyo nimeisikia kwa wanawake wengi mno. Alivyoenda hospitali uvimbe umeshakuwa kama limao na kwapani umeota mwingine. Akapigwa kemo, zile dawa kali za saratani, mara sita, kila baada ya siku 21, ile dripu nyekundu ambayo ukienda chooni mkojo unatoka mwekundu unashtuka, nywele zikaisha zote, kucha zikawa nyeusi, halafu opareshini, halafu mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tatu. Yupo, alhamdulillah. Anameza kidonge kimoja kila siku na kaambiwa atakimeza kwa miaka. Nilivyomwambia kuna mbio aliniuliza swali moja tu, "Wanaotembea nao wanapewa medali?" Nikamwambia wanapewa. "Basi nilipie mwanangu."

Usajili hauna lawama. Lipa namba, 35,000 kwa mtu mzima, meseji ya kuthibitisha iliingia hapohapo na namba zetu. Kwenda kuchukua vifaa Ijumaa jioni foleni ilikuwa ndefu ila inatembea, vijana wana heshima, shangazi alipewa kiti bila kuomba. Mfuko una tisheti, namba ya kifuani na pini zake nne, chupa ya maji, na kipeperushi cha jinsi ya kujichunguza. Hicho kipeperushi nakisifia kwa moyo wote, Kiswahili kimenyooka, sio kile cha kutafsiriwa ambacho unasoma mara tatu huelewi, na michoro ni ya mwanamke mweusi mwenye maziwa ya kawaida kama yetu. Dalili wameziandika wazi: uvimbe kwenye ziwa au kwapani, ngozi kuwa na vidoti kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, chuchu kutoa damu, ziwa moja kubadilika umbo ghafla. Na mstari wa kwanza kabisa, kwa maandishi makubwa, UVIMBE UNAWEZA USIUME. Shangazi alisoma ule mstari akakunja karatasi akaiweka kwenye pochi.

Sasa tisheti. Rangi nzuri, pinki iliyokolea, haikuchuja nilipoifua. Lakini kitambaa ni kile chepesi kinachoshika mwili na shingo ni pana sana, na saizi ya M iliisha siku ya kwanza, shangazi akapewa L. Naomba waandaaji wanielewe hapa, mnashona tisheti kwa ajili ya mbio ambazo watu wenu wa heshima ni wanawake waliotolewa ziwa, halafu mnaleta kitambaa kinachochora kifua chote na shingo inayoshuka mpaka kovu linaonekana? Kuna wanawake niliwaona wamevaa khanga juu ya tisheti kuanzia mwanzo mpaka mwisho na jua lile. Kitambaa kizito kidogo na shingo ya kubana, ni hilo tu, gharama haiwezi kuwa tofauti kubwa.

Siku yenyewe tulitoka Mbagala saa kumi na moja kwa bajaji mpaka mjini, halafu tukachukua gari. Saa kumi na mbili kasoro tuko uwanjani na watu wameshajaa. Kama hujawahi kuona vikundi vya joging vya mtaani vikiingia sehemu kwa pamoja, basi nenda hata kwa ajili ya hilo tu: Temeke, Kigamboni, Mbagala yetu, wamekodi mabasi, wana ngoma, wana vuvuzela, kila kikundi na sare yake, wanaingia na mchakamchaka ardhi inatetemeka. Wanaume walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea na hilo nimelipenda sana, kwanza kwa sababu mara nyingi baba ndo anashika nauli ya kwenda hospitali, na pili kwa sababu mwanaume naye anapata saratani ya matiti, ni wachache, kama mmoja au pungufu kwenye kila wagonjwa mia, lakini huyo mmoja huwa anachelewa zaidi maana hata haingii akilini kwake.

Stati ilipangwa saa kumi na mbili kamili. Tukaanza saa moja kasoro dakika kumi kwa wale wa kilomita 10, sisi wa kutembea tukaachiwa saa moja na robo. Mgeni rasmi alichelewa, alipofika kukawa na hotuba, baada ya hotuba wakaitwa waliopona wote mbele kwa picha, na wakasimamishwa pale na jua limeshachomoza mpaka wapiga picha wote wamalize. Wamo waliomaliza kemo mwezi uliopita, mtu hana nguvu ya kusimama dakika ishirini. Mama mmoja alikaa chini kwenye majani mwenyewe. Wekeni viti kumi mbele, na hotuba zije baada ya mbio.

Njia ni nzuri mno, hapo hawajakosea. Unatoka Oysterbay unashika daraja la Tanzanite, unashuka upande wa Aga Khan, unageuza kwenye Barabara ya Barack Obama unarudi. Daraja lenyewe ni kilomita moja na kidogo, lilianza kutumika 2022, na ukilipita kwa gari hulioni kabisa, mpaka utembee. Bahari chini yako pande zote, upepo, na siku ile magari yamezuiwa unasikia viatu tu. Na kwa shangazi ile njia ina maana nyingine, maana ukinyoosha na hiyo barabara ya Barack Obama bila kugeuza, unafika Ocean Road, na zamani barabara nzima iliitwa hivyo kabla hawajaibadilisha jina 2013. Aliipita kila siku akiwa anaenda mionzi. Tulipofika pa kugeuzia alisimama akaangalia kule mbele, hakusema kitu, akageuka.

Kuna jambo lilitokea darajani wakati wa kwenda, ndo hasa limenifanya niandike. Shangazi huwa anavaa ziwa la kitambaa, anajishonea mwenyewe, khanga kuukuu kwa nje, pamba ndani, na katikati ameweka mchele kiasi cha ngumi ya mtoto ili liwe na uzito lisipande shingoni. Yale ya kununua ya silikoni yapo ila bei yake sio ya kwetu. Sasa kwa lile joto na ile tisheti inayoshika, kitambaa kilikuwa kimelowa jasho na kinamkwaruza kwenye kovu, nikamuona anaweka mkono kila baada ya hatua tatu. Katikati ya daraja akasimama kando, akaingiza mkono kupitia ile shingo pana ya tisheti, akalitoa, akalikamua, akanipa. "Nishikie." Halafu akaendelea kutembea.

Nililishika mkononi, la moto, limelowa, uzito wake kama embe. Yeye mbele yangu upande mmoja wa kifua umejaa na mwingine bapa, mikono inapiga hewa, kwenye barabara ambayo watu mia kadhaa wanampita na wanamuona. Hajawahi kutoka hivyo hata kwenda dukani kwa Mangi. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Baada ya kama dakika mbili mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, amejifunga kilemba cha kitenge, akaongeza mwendo akawa sambamba naye.

"Mwaka gani?"

"Juzi. Wewe?"

"Huu wa sita."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mi nikabaki nyuma yao nimeshika lile ziwa la kitambaa. Walikuwa wanaongea kuhusu mkono, maana wote walitolewa tezi za kwapani na ukitolewa zile mkono wa upande ule unaweza ukavimba, kwa hiyo ukitembea muda mrefu unaunyanyua juu kila mara, unafumba na kufumbua ngumi ili maji yarudi. Nikawa naona mikono miwili inanyanyuka kwa pamoja mbele yangu. Na hapo niseme kwa wale vijana wa huduma ya kwanza, mlikuwa wachangamfu na mmejitolea, lakini mmoja wenu alitaka kumpima shangazi presha kwa mkono wa kushoto, akakataa, na ikabidi amuelekeze yeye kwamba mkono wa upande uliofanyiwa opareshini waliambiwa hospitali wasiubane na presha wala wasiuchome sindano kama upo mwingine. Kwenye mbio hizi hicho ni kitu cha kufundishwa usiku wa kabla ya mbio, dakika tano tu.

Maji: vituo viwili, kwenda yapo ya baridi, kurudi kituo cha pili meza tupu na maboksi matupu. Wakimbiaji wa kilomita 10 walimaliza yote, wengine wanajimwagia kichwani. Anayetembea ndo anakaa juani muda mrefu zaidi na ndo anakuta meza tupu. Tulipofika upande wa Coco Beach muuza madafu mmoja aliona namba ya shangazi ina utepe wa waliopona, akamkatia dafu, hela akakataa. Vyoo vya kuhamishika vilikuwa visafi mpaka tunaondoka, hongera zao.

Finishi tulifika saa tatu kasoro. Medali ni nzito, ya chuma kweli sio plastiki, na aliyemvalisha shangazi ni binti wa kujitolea ambaye alimwambia "Shikamoo mama, hongera sana" akamkumbatia. Shangazi aliivaa mpaka Mbagala.

Sasa tenti la uchunguzi. Hili ndo lilistahili kuwa katikati ya uwanja, wao waliliweka nyuma ya magari ya wadhamini, mi nililipata kwa kuuliza watu watatu. Ndani kuna manesi wawili na daktari mmoja, pazia, kitanda, na huduma ile ni nyota tano, ningekuwa na sita ningewapa. Sista aliyenipima aliniuliza kwanza hedhi yangu ilianza lini, akasema muda mzuri wa kujichunguza ni kama wiki moja baada ya kuanza hedhi maziwa yakiwa yamelainika, na aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi awe anaikumbuka. Akasugua viganja vipate joto. Akanilaza, mkono nyuma ya kichwa, akawa anatumia vidole vitatu vya kati, sio ncha, ile nyama ya vidole, anazungusha viduara vidogo, kwanza juujuu, halafu kati, halafu anakandamiza mpaka karibu na mbavu, anashuka na kupanda mistari kama mtu anayepanda mahindi asiache nafasi, kutoka kwenye mfupa wa mtulinga, ule wa chini ya shingo, mpaka chini ya ziwa, kutoka katikati ya kifua mpaka ndani ya kwapa. Kwapani ndo watu wengi wanaruka, alisema. Kisha akanishika vidole vyangu akanifanya nirudie mwenyewe mbele yake.

Nikamwambia aliyeugua kwetu ni shangazi tu, sio mama yangu, akaniuliza shangazi upande gani, nikasema wa baba, akasema upande wa baba unahesabika sawasawa na wa mama, na hiyo nilikuwa siijui, miaka 34 nilikuwa najihesabu niko salama kwa sababu mama na bibi mzaa mama hawajawahi kuugua. Akasema pia uvimbe mwingi unaopatikana sio saratani, lakini hakuna mkono unaoweza kukuhakikishia, lazima ultrasaundi au mamografia, na ikibidi kinyama kichukuliwe kwa sindano kikapimwe. Kwangu hakukuta kitu. Nilitoka mle nimepata elimu ambayo hiyo 35,000 ni bure kabisa.

Natoka nje ndo naona foleni. Wanawake kama thelathini. Na sio wakimbiaji peke yao, kuna akina mama wauza karanga na maji, na wafagiaji wa barabara watano na makoti yao ya kung'aa, wale waliofagia njia alfajiri sisi hatujaamka, wamesimama na mifagio yao wanasubiri kupimwa. Niliwaangalia nikasema hawa ndo wenyewe, hawa hawapiti hospitali kwa kitu kisichouma, kama shangazi yangu alivyokuwa, na leo hospitali imewafuata walipo.

Saa nne kamili akaja kijana na redio ya mkononi akaanza kukunja meza. Ratiba inasema tenti linafungwa saa nne. Stati ilichelewa karibu saa nzima, kila kitu kimesogea, hotuba zimesogea, medali zimesogea, tenti peke yake halikusogezwa. Sista akabishana naye, akaambiwa gari linaondoka. Wale akina mama wakatawanyika kimyakimya, hakuna hata aliyelalamika, wamezoea. Mmoja wa wafagiaji alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake. Sista alimfuata akamuandikia kitu nyuma ya kipeperushi, akamwambia aende nacho hospitali ya Amana au ya Temeke kesho yake, awaambie ana uvimbe. Alisema hivyo, ana uvimbe. Kwa hiyo alikuwa na uvimbe anaujua, amekuja nao pale na ufagio wake, akakunjiwa meza.

Muziki jukwaani uliendelea mpaka saa saba mchana.

Nyota niliyoibakiza ni hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti 2021 lilisema mtu akishafika kituo cha afya na dalili, ndani ya siku 60 awe ameshajua ni nini, na lengo ni zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Hapa kwetu wengi wanafika hatua ya tatu na ya nne. Sasa wewe umefunga barabara, umekodi jukwaa, umewaleta watu maelfu kwa jina la ugonjwa huu, na mgonjwa mwenyewe amekuja na miguu yake mpaka mlangoni kwako. Acha tenti wazi mpaka mtu wa mwisho. Punguza saa moja ya didjei ulipe manesi wanne zaidi.

Na suala la hela. Jukwaani ilionyeshwa hundi kubwa ya karatasi, watu wakapiga makofi, kisha kimya. Nimepokea meseji ya asante na meseji mbili za matangazo ya wadhamini, mapato na matumizi sijayaona. Simtuhumu mtu wizi. Mbio za namna hii zina historia ndefu, shirika la saratani ya matiti la Susan G. Komen kule Dallas, Marekani, walianza 1983 na watu 800 tu, zikaenea dunia nzima, na kilichozibeba ni imani ya mtu anayetoa hela yake. Tuandikieni kwenye ukurasa mmoja: zimekusanywa ngapi, tisheti na jukwaa zimekula ngapi, zilizobaki zimeenda wapi. Mi ningependa ziende kwenye nauli na malazi. Shangazi alikuwa anatoka Mbagala kila siku wiki tatu na ilitushinda mara mbili tukakopa, sasa mwanamke anayetoka Lindi au Kigoma, hana ndugu Dar, mionzi ya wiki tatu analala wapi na anakula nini? Wapo wanaokatisha matibabu katikati kwa ajili ya hilo tu, tulikuwa tunawaona, leo yupo kwenye benchi, wiki ijayo hayupo.

Mwakani tunaenda tena, shangazi ameshasema na yule mama wa kilemba cha kitenge wanapigiana simu karibu kila siku. Ukitaka kwenda: jisajili mapema upate saizi yako ya tisheti, beba maji yako hasa kama ni mtembeaji, vaa kofia, kama una mgonjwa beba kigoda kile cha kukunja maana viti hakuna. Na ukifika tu, kabla hata ya kupasha misuli, uliza tenti la uchunguzi liko wapi ukaandikishe jina, usisubiri mpaka umalize kutembea.